Viatu vya Kári Vilikuwa Mlangoni

Yaliyompata mtoto wa dada yangu nayaeleza mimi, maana dada mwenyewe hataki kuyasikia.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka jana, mchana, hapa Ísafjörður, mji wetu wa pwani ya Iceland. Jioni ya jana yake kila mtu alikuwa amepewa kitabu chake, kama ilivyo ada yetu. Eydís, binti wa dada, miaka kumi na tano, alipata kitabu cha pili cha hadithi ya mchawi wa baharini. Cha kwanza alikuwa amemsomea mdogo wake Kári, miaka sita, na kila alipotajwa mdogo wa shujaa, yeye alitia jina la Kári. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa.

"Na hiki unitie!"

"Tulia, kiroboto wee. Hata mimi sijakisoma."

Kufika katikati ya kumsomea, Eydís akaja jikoni amenuna.

"Mama mdogo, hiki kibaya," akaninong'oneza. "Mwandishi ana roho mbaya. Anataka kumuua mtoto."

"Maliza, ni hadithi tu. Ukikatiza atalia."

Nilitaka kukata nyama yangu kwa utulivu. Mungu anisamehe, mimi sijajisamehe.

Akasoma. Yule mchawi, mwanamke mrefu, akaita kutoka majini. Kári akavua viatu. Kári akaenda.

"Ananiita," mtoto akasema, akatoka sebuleni. Tukadhani mchezo.

Kwetu viatu huachwa mlangoni. Vikiwepo, mwenyewe yupo. Vya Kári vilikuwepo. Basi tukamtafuta ndani. Uvunguni. Kabatini. Darini. Saa nzima tuliipoteza humo, huku theluji ikifukia nyayo za miguu mitupu zilizoelekea ufukweni.

Bahari haikumrudisha.

Eydís aliandika mtandaoni kwamba kitabu kile kilaaniwe. Wasomaji wenzake wakamcheka: ni hadithi tu, wakamwambia. Maneno yangu yaleyale.

Mwaka huu mwandishi akatangaza redioni kuwa katika kitabu cha tatu mtoto anarudi. Dada alikuwa wa kwanza dukani.

"Soma. Na jina lake ulitie."

"Mama, nakuomba. Hajasema anarudi vipi."

"Soma!"

Jana alasiri Eydís akasoma, analia, na jina akalitia. Nami nilikuwepo, sikumzuia.

Leo asubuhi tumekuta kitanda cha Kári kimelowa, kinanuka mwani. Mtoto hayumo. Godoro limebonyea mahali pawili: umbo dogo, na kando yake refu, limelikumbatia.