Nusu ya Jina

Mke wa Kapenda aliitwa mara moja, pakaitikiwa mara mbili.

"Mbuyu!" Kapenda aliita kutoka chumbani jioni moja, soksi moja mguuni, ya pili haijulikani ilikokwenda.

"Vidye," sauti ikamjibu kutoka jikoni, laini, yenye adabu.

Akangoja. Kisha mlango wa uani ukalia na mke wake akaingia na ndoo ya maji, mtoto wao Mwadi mgongoni. "Ulikuwa unaniita, tata Mwadi?"

"Si umeitika we mwenyewe?"

"Mi nilikuwa ku robine, kuteka maji."

Kapenda akacheka. Kuta za nyumba za kambi ya wafanyakazi ni nyembamba. Wewe ukipiga chafya, jirani anakuambia pole. Akadhani mke wa jirani alikuwa akimwitikia mumewe. Soksi akaipata, akaenda zake kazini. Lakini neno lile lilimkaa sikioni njia nzima. Yeye na mkewe ni Walunda wa Sandoa. "Vidye" ni neno la Waluba, la kumwitikia mtu kwa heshima, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na desturi hiyo.

Lazima niseme jina lile lilivyofika. Ulikuwa mwaka wa majina, wakati serikali ya Zaïre ilipotaka kila mtu aache jina la kizungu na achukue la mababu. Omer akawa Kapenda, hilo lilikuwa jepesi, kwa kuwa ndilo jina la baba yake. Mke wake, Henriette, alikuwa amejifungua juzijuzi na hakuweza kusimama kwenye foleni. Akamtuma mumewe apeleke jina la bibi yake mzaa mama. Kapenda akalirudiarudia njiani mpaka alipokutana na marafiki, na baada ya hapo, ndugu yangu, jina likawa limekwenda na maji. Alipofika mbele ya karani hakuwa na kitu mdomoni. Mtu aliyemtangulia alikuwa ametaja jina la mke wake: Mbuyu. Fupi, tamu, la kuviringika ulimini. Kapenda naye akasema, "Mbuyu." Karani akaandika, akaita anayefuata.

Henriette alinuna, kisha akazoea. Mimi nitaendelea kumwita Henriette, maana lile jingine sipendi kulitaja bila sababu. Lakini Kapenda alilipenda kama mtu aliyeokota shati jipya. Alilitia katika kila sentensi. Mbuyu lete, Mbuyu ona, Mbuyu njoo.

Kapenda alifanya kazi ya usiku kwenye shimo la shaba, na nyumba ya mtu wa namna hiyo hugeuza saa zake. Mchana ndio usiku wao. Jua likiwaka Kolwezi nzima, wao huteremsha pazia zito, majirani huombwa kutwanga mbali, na mama hunong'ona na mtoto. Kwa hiyo hofu ya nyumba ile haikungoja giza. Ilikuja saa sita mchana, watoto wa wenzao wakicheza mpira nje.

Kwanza ilikuwa chakula. Henriette alifunika bukari, ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo, akafunua, akakuta nusu imeondoka, imekatwa sawasawa kama kwa uzi. Sabuni ikawa nusu. Mkeka uliotandikwa kwa ajili yake ukawa na joto upande ambao hakuulalia. Halafu ikaja harufu ya mawe yaliyopasuliwa sasa hivi, baruti na maji ya chini. Hawakuishtukia mapema, kwa sababu Kapenda mwenyewe alirudi nayo kila asubuhi katika nguo zake. Walishtuka siku ilipotangulia kufika, yeye akiwa bado kazini.

Kisha Mwadi akakataa ziwa.

Mtoto wa miezi michache, aliyekuwa mlafi wa kuchekesha, alisogezewa ziwa akafumba mdomo na kugeuza uso. Alilia kwa njaa na bado akakataa. Maziwa ya kopo yalimharisha. Mashavu yakaanza kuingia ndani, na Henriette, aliyekwisha kuzika mtoto mmoja huko Sandoa, alijua mashavu ya namna hiyo yanaelekea wapi.

Mchana mmoja Kapenda akiwa amelala chumbani, Henriette alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni, mtoto ubavuni pake. Alisinzia kidogo, akaamka kwa baridi, na alipotaka kumvuta mtoto karibu akaona kwamba mtoto havutiki, kwa kuwa kulikuwa na mkono mwingine mgongoni pake, mkono mbichi kama udongo wa shimoni, na nyuma ya mkono ule kulikuwa na pumzi, polepole, ikipanda anapopanda yeye na kushuka anaposhuka yeye, mtu mzima aliyelala upande wa pili wa mtoto vilevile alivyolala yeye, magoti yamekunjwa vilevile, kifua kimefunguliwa vilevile, akimpa Mwadi ziwa ambalo Mwadi hakulitaka, na mtoto katikati yao amekaza mdomo na kutazama dari, halii tena.

"Kapenda," Henriette alinong'ona. Hakuthubutu kumwita aje kwa sauti ya juu. "Tata Mwadi. Kuya."

Kapenda akaamka, na kwa usingizi akajibu kama alivyozoea: "Nini, Mbuyu?"

"Vidye," ikaitika sauti kwenye mkeka, kabla ya Henriette kufungua kinywa.

Kuanzia hapo walianza kutafuta msaada. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na hawa hawakutaka kungoja kilio. Daktari aliwasikiliza huku ameshika kitasa cha mlango, akasema mama amechoka, akampa vidonge. Vidonge ni vizuri kwa mtu aliyechoka. Wakamwita Barnabé, katekista, mtu mpole, naye akafunga dirisha ili asisikike akimwita Henriette kwa jina lake la ubatizo, maana siku zile padri au katekista angeweza kupata matatizo kwa hilo. Akanyunyiza maji ya baraka. "Henriette, Mungu akulinde. Henriette, usiogope." Mchana ule Mwadi akanyonya! Wote wakayasifu maji. Jioni Kapenda akaamka kwa furaha, akaita, "Mbuyu, leta chai," na mtoto akaliacha ziwa palepale. Hakuna aliyeliona jambo hilo. Binadamu huangalia maji, hasikilizi maneno.

Jirani yao Mwamini, mke wa Musafiri mwenye lori, watu wa Maniema, ndiye aliyewapeleka kwa mwalimu Omari. Mzee huyo alijulikana kwa kusomea watu wenye majini. Aliwapokea baada ya sala ya mchana, akafukiza ubani, akamkalisha Henriette kwenye mkeka na kumsomea kwa muda mrefu. Hakikutikisika kitu. Mwisho akaacha Kiarabu, akauliza kwa Kiswahili cha kawaida, "We ni nani?"

Nafasi tupu kando ya Henriette ikajibu: "Kabange."

Mwamini akajifunika uso kwa kitenge. Mwalimu Omari akafunga kitabu chake taratibu.

"Mama," akasema, "mi sitakudanganya. Majini yenye ninajua iko na majina yayo ya tangu zamani. Hii imesema jina yake kama muntu mwenye kuvaa viatu bipya. Haikuwa na jina. Kuko mwenye aliipatia, na haiko zamani."

"Iondoe tu, mwalimu," Kapenda akaomba. "Mutoto anakufa."

"Njo sababu ya mutoto ninakatala. Kila ugonjwa na muganga yake, tata. Nikijaribujaribu hapa, atakufa mu mikono yangu. Hiyo jina haiko ya kwetu. Tafuteni muntu wa ile luga, na mumuambie yote. Yote, unasikia?"

Ndipo Mwamini akamkumbuka mama Godelieve. Huyu hakuwa mganga hata kidogo. Alikuwa Mluba wa Lubudi, muuza samaki wakavu, mnene, mwenye mdomo mchafu kuliko gari la mkaa, na hakuna aliyemkemea, kwa kuwa alizaa mapacha, na kwa Waluba mama wa mapacha ana ruhusa ya kutukana. Waliingia kwake wakiwa na aibu. Yeye akasogeza samaki, akampakata Mwadi, akamtazama mashavu, na akauliza swali ambalo daktari, katekista na mwalimu hawakuuliza.

"We mama, banakuitaka nani?"

"Mbuyu."

"Na mwenzako iko wapi?"

"Mwenzangu gani?"

Mama Godelieve akaacha kutafuna. "Haukuzaliwa mapasa?"

"Hapana, mama. Nilizaliwa peke."

"Sasa nani alikupa jina ya mapasa?"

Kapenda akatazama miguu yake. Halafu akasema yote, foleni, marafiki, mtu aliyemtangulia, hadi chakula kilichokatwa nusu, mkeka na harufu ya mashimo. Alipomaliza, jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

"Mujinga we!" akasema mama Godelieve. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, na we unaazima jina? Kwetu Mbuyu ni mapasa wa kwanza. Wa pili ni Kabange. Ukiita Mbuyu, umeita na Kabange. Ni jina moja yenye bipande bibili. Muke yako hana Kabange, basi kule nafasi ni wazi. Kintu fulani kilikuwa kinatembea mu mashimo kule, bila jina, bila muntu wa kukiita. Kikasikia jina inaitwa kila siku na nusu yake haina mwenyewe. Kikaingia. Na mapasa inagawanyaka kila kintu. Bukari, mukeka, maziba ya kunyonya." Akamrudishia Henriette mtoto, sauti yake ikashuka. "Sasa iko inagawanya mutoto."

Henriette akalia kwa sauti. Hakuwa amelia kwa daktari wala kwa mwalimu.

"Niache jina," akasema. "Nirudie Henriette."

Kapenda akatikisa kichwa. Alikwisha kuuliza, na karani alimwambia kwamba jina si kofia ya kuvaa na kuvua.

"Hata kama ingewezekana, apana," akasema mama Godelieve. "Ameshaingia. Ukifunga mulango sasa, unamufungia ndani. Kuko njia moja tu. Kabange apatikane. Muntu wa kupumua, wa kula, wa kuitika. Nafasi ikijaa, kile kitatoka, hakina pa kukaa."

"Mi," akasema Kapenda. Hakufikiri. "Mi njo nililileta. Mi nitakuwa Kabange."

Mama Godelieve akamsogelea. Kwa mara ya kwanza hakumtukana.

"Sikia basi, tata. Nafasi inajaa wakati unapumua. Siku haupumue, iko wazi tena. Chunga maisha yako."

Walifanya jambo lile mchana kweupe, uani. Mama Godelieve alikuja na wanawake wa kwao, wakapiga mabeseni, wakaimba zile nyimbo za mapacha ambazo siwezi kuziandika zote hapa, maana zinataja viungo vya wazazi kimoja kimoja na kuvicheka. Waliimba matako ya Henriette, wakaimba uvivu wa Kapenda kitandani. Kambi nzima ilikuja kucheka. Sahani mbili za bukari ziliwekwa, Henriette na Kapenda wakala pamoja, tonge kwa tonge, na mama Godelieve akaita kwa nguvu, "Mbuyu!" Henriette akaitika, "Vidye!" Akaita, "Kabange!" Kapenda akaitika, "Vidye!"

Wote wakanyamaza kusikiliza. Hakuna wa tatu aliyeitika. Ila pazia la sebuleni lilisogea, na harufu ya mawe ikapita katikati ya wanawake, ikaelekea upande wa mashimo. Mwadi akapapasa kifua cha mama yake, akapata, akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Mashavu yakarudi. Chakula kilichofunikwa kikakutwa kizima. Kapenda akawa Kabange nyumbani, na wakataniana kwa hilo. Alimwita mke wake pacha, akidai sehemu kubwa ya nyama kwa kuwa mapacha hugawana. Henriette alicheka naye. Lakini kila jioni alipomfungia vifungo vya koti alimwambia kitu kimoja, "Chunga maisha yako," na hakuondoka mlangoni mpaka lori la wafanyakazi lipotee. Furaha yake yote sasa ilikuwa inashuka shimoni kila usiku na kupanda asubuhi.

Msimu wa mvua ukaingia, mvua ile ya kulainisha kuta za mashimo. Asubuhi moja, kumeshapambazuka, Henriette alikuwa sebuleni akimnyonyesha Mwadi, chai ya mumewe ikichemka. King'ora cha kazini kikalia kwa saa isiyo yake. Kikalia muda mrefu. Akajiambia wanapasua mawe. Akajiambia ni gari limekwama. Alikuwa bado anajiambia hivyo mlango ulipogongwa.

"Mbuyu," ikaita sauti ya Kapenda. "Fungula."

Moyo wake ukatulia, akainuka na mtoto kifuani. Harufu ya mawe na baruti iliingia chini ya mlango, lakini Kapenda ndivyo alivyonukia kila asubuhi. Akaweka mkono kwenye kitasa. Ndipo akakumbuka kwamba hakusikia lori.

"Ni nani?" akauliza, polepole.

"Ni mi. Kabange."

Ilikuwa sauti yake kabisa, na kikohozi chake kile kidogo cha vumbi. Henriette akamtazama Mwadi. Mtoto alikuwa ameliacha ziwa, amekaza mdomo, na ameugeuzia mlango kisogo.