Mkunjo wa Chaki Kwenye Ngazi za Senga

Haya yote ni kweli tupu, na anayebisha aje Glasgow azihesabu ngazi zetu mwenyewe. Nina miaka sabini na sita na sijawahi kudanganya siku ya Jumanne, na mambo yenyewe yalitokea Jumanne.

Saa nne na dakika kumi asubuhi Senga Mulgrew, dereva wa basi, alirudi kwenye fleti yake ya ghorofa ya kwanza akakuta chumba cha mbele kitupu. Mabunda tisa ya sufu ya kondoo aliyoyapanga pale jana yake hayakuwepo. Mbao za sakafu alikuwa amezing'oa mwenyewe, boriti ziko wazi kama mbavu za nyangumi, na upepo ulipanda katikati yake ukainua pazia mpaka likalala darini.

Jengo letu ni la enzi za Malkia Victoria, na Senga alikuwa akiikarabati fleti ile kwa mikono yake tangu Machi. Alibandua karatasi za ukutani tabaka kumi na moja, moja ya maua, moja ya ndege, moja ya meli, na kila tabaka lilitoa harufu ya watu waliokwisha kusahauliwa. Aliziba nyufa za madirisha. Ilibaki kujaza sufu chini ya sakafu, ambayo baridi yake ilitoka kwangu chini, maana mimi huwasha hita nikipata mgeni, na sipati wageni.

Ijumaa saa nane mchana nesi angekuja na kipimajoto. Chumba kikiwa baridi, Bridie, mama yake Senga, mwenye kifua kibovu, asingeruhusiwa kutoka hospitali kuja kuishi na mwanawe. Angepelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Nilipopanda kumsikia akipiga kelele, Senga alinieleza hayo akiwa amesimama juu ya boriti, koti bado mwilini, na hapo ndipo mimi niliposikia habari ya nesi kwa mara ya kwanza.

Hatukuita polisi. Tulimwita Bi Ishbel Tannock wa mlango wa jirani, aliyefanya kazi maktaba miaka thelathini akiwasaka watu waliokaa na vitabu kupita muda. Alikuja na kijitabu, kalamu na ndara. Nikajitolea kuwa msaidizi wake.

Senga alisema aliondoka saa mbili kasoro robo kwenda kumwona mama, akauegesha mlango bila kuufunga ili lipu mbichi ikauke.

"Na wewe, Archie?" Bi Ishbel akanigeukia. "Unaishi chini yake hapo. Hukusikia nyayo?"

Nikamwambia nilikuwa nimelala. Nikaongeza, kama msaidizi mwema, kwamba mbwa wa Dougal Rennie wa ghorofa ya juu anapenda sana kulalia vitu laini.

Tukapanda kwa Dougal. Kwenye kitasa chake ilining'inia kadi ya zamu. Kwetu kadi hiyo huhama mlango hadi mlango, na ikifika kwako unaosha ngazi wiki hiyo. Hakuna anayekukumbusha, na hakuna anayekuoshea. Tulibisha hodi, hakuna aliyefungua. Bi Ishbel akampigia simu. Dougal alikuwa Largs, mji wa pwani, kwa dada yake tangu Jumapili, na mbwa pia. "Huyu hapa kanilalia miguuni," alisema, "muulize mwenyewe."

Nikamtaja Tam, fundi wa lipu, kwa sababu ana gari kubwa. Bi Ishbel akasogea dirishani akanionyesha kwa kalamu. Tam alikuwa juu ya jukwaa la mbao kwenye mnara wa kanisa, ng'ambo ya barabara, na Bi Ishbel alikuwa amemtazama pale tangu saa moja na nusu akinywa chai yake.

Saa tano kasorobo Bi Ishbel akaanza kushuka ngazi polepole, kama mtu anayetembea usingizini, mkono ukigusa ukuta. Nje kulikuwa na ukungu, na mwanga wa kioo cha rangi uliangukia mawe ukawa kijani. Kati ya mlango wa Senga na mlango wangu akainama. Mawe pale yalikuwa na unyevu. Kwingine kote vumbi.

"Kadi iko kwa Dougal, na Dougal yuko Largs," alisema. "Nani kaosha?"

Nikasema labda ni malaika.

"Malaika aliyekuwa akiondoa nyuzi za sufu," alisema. "Tena kachora."

Ukingoni mwa kila ngazi kulikuwa na chaki nyeupe, kama walivyofanya wanawake wa zamani baada ya kuosha. Wengi walipiga mstari tu. Huu ulikuwa mkunjo mdogo unaojirudia, kama wimbi lililoghairi kufika pwani. Nikautazama, na sikukumbuka mkono wangu ukiuchora.

"Jengo zima, mwanamke mmoja tu alichora hivi," alisema Bi Ishbel. "Mkeo Netta, Mungu amrehemu. Fungua mlango, Archie."

Jikoni kwangu kuna kishubaka cha ukutani chenye kitanda na pazia. Bi Ishbel akalivuta. Mabunda tisa yalikuwa yametandazwa yakawa godoro zuri, na katikati kuna umbo langu.

"Mzee Archie," Senga alisema taratibu, "umemlalia mama yangu."

Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikawaambia kwamba fleti ya juu ilikaa tupu na kimya miaka tisa tangu Netta afe, kisha Machi Senga akaanza kukwangua kuta huku akiimba, maneno yote akiyakosea. Kila mchana nilijilaza pale nikasikiliza, sauti ikishuka katikati ya mbao kama majivu ya joto, nikaota kondoo wa ukoo wa Netta kule kisiwani Lewis. Sufu ingeiziba sauti hiyo.

"Na nilipotaja nesi, ukamtaja mbwa," alisema Senga.

"Nikamtaja mbwa."

"Ungepanda ngazi ukasema, Senga, niimbie. Ngazi kumi na nane, mzee."

Bi Ishbel akafunga kijitabu akatoa hukumu. Mpaka Alhamisi jioni nilikuwa nimepiga magoti kati ya boriti, nikijaza sufu kila pengo na kupigilia mbao. Ijumaa kipimajoto cha nesi kilisoma nyuzi kumi na tisa. Jumamosi Bridie akaingia, akaniangalia toka unyayoni hadi kichwani, akauliza kama huyu ndiye kondoo.

Chini kwangu sasa ni kimya kabisa.

Bi Ishbel amezisoma kurasa hizi. Anasema tabaka zilikuwa tano, pazia halikuinuka zaidi ya shubiri moja, na jana, ambayo ilikuwa Jumanne, nilimwambia nimeshamaliza kuandika. Kwa wizi, kadi ya zamu ilikuwa ibaki kwenye kitasa changu mpaka Pasaka. Kwa uongo, ameisogeza mpaka Juni.

Kwa hiyo niko hapa na ndoo. Senga ameuacha mlango wake wazi na anaimba, amekosea tena ubeti wa pili, na Bridie anagonga fimbo kila brashi yangu inaposimama. Bado ngazi tatu. Chaki iko mfukoni.