Ikhlas na Alama za Sataranji

Nyumbani kwa kina Ikhlas, huko Mishomoroni, sataranji huchezwa kila siku baada ya swala ya alasiri. Baba yake, Talha, huweka ubao barazani na kuita, "Ikhlas!"

"Abee, baba!" Binti huja mbio.

Lakini wiki moja Ikhlas hakuja. Alisema ana masomo. Kwa kweli, alikuwa na hofu.

Ikhlas ana miaka kumi na mitatu. Katika mashindano yaliyopita alifungwa mara nne. Alama zake za kiwango, ambazo baba alizitangaza kwa jamaa wote, zilishuka hadi elfu moja mia nne na ishirini. Naye alijua kwamba mchezaji akishuka chini ya elfu moja na mia nne, huondolewa katika orodha ya wachezaji wa dunia wenye alama. Kila akifumba macho, aliliona jina lake likifutwa.

Jumamosi ya mashindano mengine, alitapika uji wote. Mama yake, Mwanasaumu, alimgusa kipaji cha uso. Hakuwa na homa.

"Waogopa nini, mwanangu?"

Ikhlas akaangua kilio. "Nikifungwa leo nitafutwa! Baba atawaambia nini watu?"

Talha alikuwa mlangoni. Alisikia, akainamisha kichwa.

Mama akaenda kumwita jirani yao, Bi Samah, ambaye ni mwamuzi wa mashindano ya sataranji.

"Shikamoo, Bi Samah," Ikhlas alisema huku akijifuta machozi.

"Marahaba. Haya, nisikilize. Alama si tuzo. Ni makisio tu ya nguvu zako kwa sasa. Ukikutana na aliyekuzidi kwa alama mia mbili, hesabu haikutarajii umshinde mara nyingi. Kwa hiyo akikufunga, wapoteza kama kumi tu. Ukimfunga, wapata kama thelathini."

"Na tukitoka sare?"

"Waongeza kama kumi."

"Mbona zangu zimeporomoka haraka hivi?" Ikhlas aliuliza.

"Kwa sababu wewe ni mtoto. Watoto hujifunza upesi, kwa hiyo alama zao huachwa zipande na kushuka upesi. Mtu mzima aliyezoea mashindano, kwa matokeo yayo hayo, zake zingesogea nusu tu."

"Na nikifutwa?"

"Utacheza na wenye alama, upate nyingine. Wengi yamewafika hayo. Ukijificha nyumbani, alama zitabaki zilipo, lakini hazitasema kweli kuhusu wewe."

Talha akaingia. "Mimi nilidhani zikishuka ni uzembe," alisema polepole. "Mwanangu, sitakuuliza tena una alama ngapi. Wallahi."

Ikhlas alikwenda mashindanoni. Ukumbini alipangiwa Luqman wa Chaani, mvulana aliyemzidi kwa alama mia mbili. Mara mbili alitaka kuomba ruhusa akimbie. Alipumua, akautazama ubao, akacheza. Hofu haikumtoka, ila mikono ilitii. Baada ya muda mrefu Luqman alimnyoshea mkono. Sare!

Mchezo wa pili alifungwa. Lakini alirudi kwa wa tatu, akashinda.

Jioni Talha alimpokea. "Umejifunza nini leo?"

"Katika mchezo niliofungwa, farasi wangu alinaswa pembeni, baba. Nilimtoa mapema mno."

Walikwenda wakiuzungumza mchezo huo njia nzima.

Alama mpya zilipotoka, zilikuwa zimepanda kidogo. Ikhlas alizitazama mara moja, akamuuliza Bi Samah mashindano mengine yatakuwa wapi.

"Likoni," alijibiwa.

Siku ilipofika, hofu ilimrudia. Hata hivyo alivuka kwa feri, akaketi mbele ya msichana asiyemjua, akasogeza askari wake wa kwanza.