Jino la Mwamvua Ndani ya Sabuni

Sogeeni karibu. Hadithi hii inanukia sabuni.

Mwamvua alikuwa na miaka sita, na jino moja la mbele lililolegea. Akilisukuma kwa ulimi, linakwenda mbele. Akilivuta, linarudi nyuma. Tiki-tiki. Tiki-tiki.

Kila mtoto wa pale kwao alijua la kufanya jino likitoka. Unalirusha juu ya bati, ko. Unasema, "Chukua la zamani, niletee jipya." Halafu unasubiri.

Jumamosi moja, mama yake alikuwa jikoni akipika sabuni. Alikuwa amechoma maganda makavu ya ndizi, akachuja maji kwenye majivu yake. Maji hayo sasa yalikuwa sufuriani pamoja na mawese. Mama alikoroga. Koro, koro, koro.

"Kaa hapo hapo mlangoni," alisema Mama. "Sabuni mbichi inauma. Ikikurukia utalia."

Mwamvua akakaa mlangoni. Akalisukuma jino kwa ulimi. Tiki-tiki. Tiki-tiki. Tiki.

Jino likatoka.

"Mama, limetoka, tazama!" Mwamvua alisahau mlango. Alisahau kwamba sabuni inauma. Akakimbia, mkono mbele, jino kiganjani.

Mama akamdaka kabla hajaifikia sufuria. Lakini jino halikudakwa na mtu.

Chubwi.

Sufuria ikasema blup, kama mtu aliyeshiba.

Mama alitafuta kwa mwiko. Huku, hakuna. Kule, hakuna. Sabuni ilikuwa nzito kama uji, na jino lilikuwa dogo kama punje ya mchele.

"Tia mkono, Mama," alisema Mwamvua.

"Mkono wangu nao unaogopa kuumwa, mwanangu."

Kaka yake Sudi akachungulia dirishani. Sudi alikuwa na miaka kumi, na alijiona anajua kila kitu.

"Basi, imekwisha," alisema Sudi. "Huna jino la kurusha, hutapata jino jipya. Utabaki kibogoyo."

Mwamvua akagusa pengo lake. Kibogoyo! Hataweza kula mua. Hataweza kula mahindi ya kuchoma. Atakuwa bibi harusi, na bado ni kibogoyo. Akalia mpaka kuku wakaondoka uani.

Mama akatia chumvi ili sabuni igande. Akaimimina kwenye kisanduku cha mbao. Kesho yake akaikata vipande sita, akavipanga juu ya chanja, kivulini.

"Vivunje vyote, Mama. Tulitafute."

"Nikivivunja, tutaogea nini? Viache vikauke mwezi mmoja. Sabuni ikikauka haiumi tena. Tutaitumia yote, mpaka jino lako litokeze."

Basi kila jioni Mwamvua alisimama mbele ya chanja. Aliviambia vipande vya sabuni:

"Sabuni, sabuni, kauka haraka,
jino langu dogo, mimi nalitaka."

Siku moja akaja Shangazi Tunu, dada yake Baba, aliyekaa nyumba ya pili. "Wifi," alimwambia Mama, "nipe kipande kimoja. Nguo za mtoto zimenishinda."

Mwamvua akakimbia. Akasimama mbele ya chanja, mikono kaitanua.

Mama akamtazama Mwamvua. Akamtazama Shangazi. "Nisamehe, wifi. Sabuni hii haitoki nyumbani mpaka jino la mtoto lipatikane."

Shangazi Tunu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda zake, mikono mitupu.

"Sabuni, sabuni, kauka haraka,
jino langu dogo, mimi nalitaka."

Mwezi ukaisha. Sabuni ikakauka. Na hapo ndipo nyumba nzima ilipoanza kufua na kuosha.

Mama alifua mapazia. Swa, swa, swa. Jino hakuna.

Baba aliosha baiskeli yake mara tatu, hata magurudumu. Swa, swa, swa. Jino hakuna.

Sudi alisugua miguu mpaka magotini, bila kuambiwa na mtu. Alisugua na kandambili. Alisugua na mpira wake. Jino hakuna.

Mbuzi wa jirani alipita karibu. Nusura naye aogeshwe.

Kipande cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaisha. Cha tatu, cha nne, cha tano. Nyumba ikang'aa kupita siku ya sikukuu, lakini jino halikuonekana. Kikabaki kipande kimoja tu.

Jioni hiyo Mama alikuwa anamwogesha Mwamvua. Mwamvua alikuwa na povu masikioni na huzuni usoni.

"Sukutua mdomo," alisema Mama. "Haya, fungua nione."

Mwamvua akafungua. Mama akainama. Akainama zaidi.

"Mama, kuna nini?"

"Weka ulimi kwenye pengo lako."

Mwamvua akaweka ulimi. Ulimi ukagusa kitu. Kitu kidogo. Kitu kigumu, chenye meno-meno kama msumeno.

"Ni jino," alisema Mama. "Linachomoza."

"Lakini sikurusha kitu juu ya bati."

"Naona lenyewe halikungoja kurushiwa."

Mwamvua akashusha pumzi ndefu, ndefu sana. Alikuwa ameibana zaidi ya mwezi mzima. Hatakuwa kibogoyo. Atakula mua, atakula mahindi. Alifurahi mpaka akamwagia Mama maji.

Sudi akaja na tochi. Akamulika mdomoni, akatazama kwa muda.

"Kweli lipo," alisema. Kisha akasema taratibu, "Mimi pia nilikuwa naogopa."

Mwamvua akajifunga kanga ya Mama. Akachukua kile kipande cha mwisho, akakipeleka nyumba ya pili.

"Shangazi, sabuni yako hii. Huenda jino langu limo humu. Ukilikuta, ni lako."

"Ahsante, mwanangu," alisema Shangazi Tunu. "Mimi nina mapengo mawili. Nitalitafutia nafasi."

Usiku Mama alimfunika Mwamvua shuka. Shuka ilikuwa safi, mto ulikuwa safi, na Sudi alikuwa safi kuliko vyote.

"Bado lipo?" aliuliza Mama.

Mwamvua akapeleka ulimi. "Bado lipo."

Mama akazima taa. Mwamvua akalala, mdomo wazi kidogo, ili jino jipya lipate hewa.