Kadi ya Mwitaji

Cherehani ilianza kwenda yenyewe Jumapili moja saa kumi za jioni, na mwenye cherehani alikuwa mezani anakunywa chai mbele ya watu wawili.

Watu hao walikuwa mumewe, mpima ardhi, na mdogo wa mumewe, fundi saa. Walikuwa katikati ya mchezo wao.

"Umesahau kuizima?" mume akauliza.

"Kuzima nini? Mimi nashonea ya kukanyaga kwa miguu."

Wakasikiliza. Kwenye chumba cha pili kanyagio lilipanda na kushuka taratibu, kisha likakoma. Fundi saa akaenda kuchungulia, akarudi akijifuta shingo.

"Hamna mtu, shemeji. Ila kunanuka nguo iliyoungua."

"Pasi sijaigusa tangu Ijumaa."

"Panya," akasema mpima, akatupa dadu. Mpima hakukosa jibu hata siku moja, na watu wa aina hiyo Mungu awasaidie wanaoishi nao.

Mchezo wao ni huu: kila mchezaji anajifanya mtu wa kubuni mwenye kazi yake, mpiganaji au mwizi au tabibu, mmoja anasimulia safari, na dadu zenye pande nyingi zinaamua nani kapona na nani kaumia. Ndugu hawa walikuwa wameucheza miaka tisa, kwa kitabu kikuukuu ambacho jina la mwandishi lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe. Miaka tisa hiyo mke alivisikia vicheko vyao kupitia ukutani, sindano mkononi. Mwaka huu akaomba kucheza. Si kwamba alipenda mazimwi. Alimtaka mumewe, na siku za Jumapili mumewe alipatikana kwenye meza ile tu.

"Kitabu kinene hiki, mke wangu, hutakiweza," mpima akamwambia. "Ngoja nikurahisishie."

Jioni tatu alikaa akizifupisha kazi za kitabuni. Kila moja ilikuwa na kurasa kumi na moja; yeye akazibana kwenye kadi ndogo, mistari mitatu mitatu. Mke akachagua Mwitaji. Kadi yake ilisema: Huita jini kwa maneno haya. Jini hukaa naye. Jini humlinda. Maneno ya kuita mpima aliyanakili yote, nyuma ya kadi, kwa sababu yalikuwa na mvumo na alipenda kuyasikia yakisomwa. Maneno ya kumrudisha jini alikotoka yalijaza kurasa mbili ngumu, na hayo akayakata. Mke akasoma kadi kwa sauti yake ya upole, na wanaume wawili wakampigia makofi. Cherehani ilianza wiki iliyofuata.

Baada ya hapo mambo hayakungoja Jumapili. Harufu ya kuungua ilihamia kwenye mapazia, halafu kwenye mito. Mke akaanza kukonda. Kucha zake zikawa nyeupe, na alipompa mumewe kikombe cha maji, vidole vyake vilikuwa baridi kuliko kikombe chenyewe. Kwenye chumba cha kushonea mpima akaona gauni jeusi limetundikwa, mikono yake imefika sakafuni na kukunjwa mara mbili.

"Hili la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani ana mikono hii?"

"Mrefu," mke akasema, akaendelea kutia vifungo.

Siku moja saa sita mchana mpima alirudi nyumbani kuchukua ramani aliyoisahau, akasikia mkewe anacheka chumbani, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mwaka wa harusi, akasogea mlangoni kwa ncha za vidole, akaweka sikio kwenye ubao, na ubao ulikuwa wa moto kama ubavu wa mgonjwa wa homa, na ndani mkewe alikuwa akisimulia kitu kirefu kuhusu mteja aliyerudisha sketi, na kila alipopumzika kidogo sauti nyingine, kavu, ya kitambaa kinachochanwa polepole, ilimwuliza, "Halafu? Halafu ukamwambiaje?" na mpima akasahau ramani, akasahau viatu, akajikuta barabarani na soksi.

Fundi saa ndiye aliyemleta mganga, kesho yake saa nne asubuhi. Mganga alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, si wa maneno mengi. Aliomba kadi, akaisoma mbele na nyuma.

"Na maneno ya kumrudisha yako wapi?"

"Niliyakata," mpima akanong'ona.

"Kwa nini?"

"Nilitaka iwe rahisi kwake."

Mganga akavua miwani. "Bwana, huyu anakunywa damu ya mkeo. Mwezi huu hautaisha mkeo akiwa hai. Na mimi sina uwezo wa kumtoa; aliyemwita ndiye amwondoe, kwa kinywa chake na kwa hiari yake."

Mpima akaleta kitabu, akapiga magoti mbele ya mkewe, akafungua kurasa mbili zile.

"Soma, mke wangu. Penye maneno magumu nitakusaidia."

Mke hakukitazama kitabu. Akayasema maneno kutoka kichwani, neno baada ya neno, bila kujikwaa, na kadiri alivyosema harufu ikapungua, mapazia yakatulia, rangi ikamrudia midomoni. Likabaki neno moja. Akanyamaza.

"Malizia!"

"Nilikisoma kitabu chote ulipokuwa kazini. Wiki ya pili tu nilikuwa nimekimaliza. Kinasomeka."

"Sasa kwa nini hukumrudisha, shemeji?" fundi saa akalia.

"Kaka yako hajawahi kuniuliza siku yangu ilikwendaje. Huyu ananiuliza. Akishauliza, anasikiliza."

"Nitakuuliza mimi!" mpima akamshika mikono. "Kila siku nitakuuliza. Leo... leo siku yako imekwendaje?"

Mke akamtazama kwa muda, na macho yake yakalainika, kwa maana alikuwa bado anampenda, mjinga wa watu. Akaanza. Akaeleza alivyoamka, alivyotafuta mkasi, alivyomkumbuka mama yake aliyemfundisha kukata kola. Kwenye chumba cha pili kanyagio likaanza kupigwa kwa hasira. Mpima akageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Kwa kifupi, mke wangu," akasema. "Kwa kifupi, tafadhali."

Mganga akafumba macho.

Mke akavuta mikono yake polepole. Akaingia chumba cha kushonea, akafunga mlango kwa ndani. Waliusukuma kwa mabega, wakaupiga kwa nyundo ya fundi saa. Haukuacha hata alama.

Mpima akakaa chini mlangoni, na hakuondoka siku kumi na mbili. Ndani mkewe alikuwa akimsimulia yule mwingine maisha yake yote, tangu utotoni, kwa mpangilio, bila kuruka kitu: shule, ugonjwa wa baba yake, rafiki aliyezama, kitambaa cha kwanza alichokiharibu. Mpima alisikiliza kila neno. Mengi hakuwa akiyajua. Sauti ikawa nyembamba kila siku, naye akazidi kubana sikio kwenye ubao.

Siku ya kumi na mbili mke akafika katika masimulizi yake pale alipokutana na kijana mmoja mpima ardhi, akasema, "Huyo sasa nikwambie..." na sauti ikakatika, isirudi tena. Mlango ukafunguka wenyewe.