Magazeti ya Kukaushia Mimea

Stendi ya mabasi ilifurika asubuhi ile, na foleni ya ofisi ya vifurushi ilifika mlangoni. Mwanamume mrefu, shati lake la kaki limejaa mbegu za nyasi, aliweka kwenye mizani mzigo uliobanwa kwa mbao na mikanda.

"Ndani kuna nini, kaka?" aliuliza karani, blauzi ya njano, kalamu amechomeka kwenye nywele.

"Majani makavu."

"Majani gani? Nisije nikafungwa kwa ajili yako."

Akacheka, akafungua mkanda. Kati ya magazeti ililazwa mimea pamoja na maua na mizizi yake. Akamweleza: wanaandika kitabu cha mimea yote ya asili ya nchi, jamii moja baada ya nyingine. Yeye anakusanya porini. Makao makuu wanachunguza na kuandika. Karani akasahau foleni mpaka watu wakaguna.

Wakapeana namba. Tangu siku hiyo alileta mzigo kila wiki mbili, na kila jioni karani alimpigia simu.

"Daktari wa Majani, umekula?"

"Nimekula vumbi. Wewe je, mpenzi?"

"Nimekula na sehemu yako. Niambie, leo umechuma nini?"

Naye alimsimulia, hata jinsi ya kubadilisha magazeti kila siku ili mmea usiote ukungu.

Mwezi wa nane alituma mimea ya kilima kimoja kilichokuwa kinamalizwa kuvunjwa kwa ajili ya kokoto, akarudi porini. Siku tano baadaye makao makuu wakampigia: mzigo haujafika. Akampigia karani, hapatikani. Akapanda basi mpaka stendi. Karani ameomba ruhusa ya dharura, akaambiwa, na daftari lilionyesha mzigo umetolewa kwa saini ya karani mwenyewe.

Alikuwa amechoka, na kilima kile hakikuwepo tena. Akasema mbele ya foleni nzima, "Basi karani wenu ni mwizi."

Msimamizi wa ofisi akamwelekeza nyumbani kwa karani. Mlango ulifunguliwa na shangazi aliyemlea karani.

"Wewe ndiye uliyemwita mwanangu mwizi? Nimeshapigiwa simu na mwenzake wa kazini. Ingia, umwone mwizi wako."

Chumba kizima kilikuwa magazeti: kitandani, kwenye viti, juu ya kabati. Karani alikuwa sakafuni, gauni limekunjwa magotini, vidole vyeusi kwa wino, anahamisha mmea uliolegea kwenye karatasi kavu.

"Mvua ilinyesha, paa la ghala likavuja," alisema bila kuinua uso. "Msimamizi akaagiza vilivyolowa vitupwe, wateja wasiambiwe. Nikautoa wako. Simu yangu nayo iliingia maji, na namba yako siijui kwa kichwa." Akanyoosha jani moja. "Mimea miwili imeota ukungu. Nisamehe."

Akaketi palepale sakafuni.

"Unaniomba msamaha mimi? Nimekutukana mbele ya watu."

"Nimesikia. Nimelia, halafu nikarudi kubadilisha magazeti. Mimea haijanikosea."

"Nisamehe, mpenzi. Sina la kujitetea."

"Sijakusamehe bado. Shika hiyo karatasi, usivunje jani."

Walifanya kazi pamoja mpaka jioni, wakizungumza machache. Kesho yake, saa ya foleni kubwa, Daktari wa Majani alisimama stendi akatangaza kwa sauti kwamba karani ameokoa mimea ambayo haipo tena pale ilipochumwa, na kwamba yeye ndiye aliyekosa. Karani, aliyerudi kazini siku hiyo, aliinamia daftari lake. Mwenzake wa dirisha la pili aliona analia.

Wiki iliyofuata makao makuu walithibitisha: mzigo umefika, mimea inafaa, jamii yake itaingia kitabuni. Daktari wa Majani alikwenda kumweleza nyumbani, shati lake safari hii limepigwa pasi.

"Nashukuru," alisema. "Kwa mimea, na kwa kunifungulia mlango."

"Mlango alifungua shangazi."

"Basi nimshukuru pia. Nataka kuishi na wewe, nikikukosea unipe karatasi nishike. Utakubali nikuoe?"

Karani akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. "Nimeshakusamehe tangu pale stendi. Nakubali. Lakini anayepaswa kuombwa ni shangazi, na yuko nyuma ya mlango anasikiliza."

"Sisikilizi," sauti ikatoka nje. "Mwambie alete wazee wake Jumamosi."