Vigingi Nilivyovigonga

Kila asubuhi nafungua zizi, kondoo wanatangulia, mimi nafuata. Mteremko wa malisho uko hapo hapo nyuma ya zizi, lakini siku hizi tunauzunguka. Korongo limeukata katikati. Mimi Yotham ndiye niliyeliacha korongo hilo likue, na ninajuta mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 1994. Wanunuzi walifika mnadani Chemba na malori yao, na kila mtu alitaka kuongeza kondoo. Mimi nilikuwa nao themanini. Wakati huo wafanyakazi wa serikali walikuwa wamepunguzwa. Kwetu alibaki mtaalamu mmoja wa mifugo, Mwantum, na baiskeli yake, kwa vijiji sita.

"Shikamoo, mzee Yotham."

"Marahaba, binti. Karibu."

Alileta vigingi vitano vya chuma. Kila kimoja kilikuwa na mstari mwekundu. Alivipigilia mteremkoni mpaka mstari ukagusa ardhi.

"Mzee, siwezi kufika kila mwezi. Utapima wewe. Maji yakichukua udongo, mstari utabaki juu. Pima kwa vidole, kutoka ardhini mpaka mstarini. Andika kwenye daftari, uniletee. Mteremko unaoharibika zaidi ndio kijiji kitakaouchimbia matuta kwanza."

"Hilo tu? Jambo dogo!"

Jambo dogo! Jamani, mdomo wangu huu.

Mvua zilianza. Nilikwenda kutazama, nikakuta mstari uko juu kidole kizima. Lo! Nilidhani kigingi kinang'oka. Nilichukua nyundo, nikavigonga vyote vitano mpaka mistari ikarudi ardhini.

Mke wangu Evelina aliniona.

"Baba Frida, mbona unagonga?"

"Vinalegea. Mali ya watu hii, tumekabidhiwa."

"Lakini yule binti alisema tupime."

"Nimepima. Sifuri."

"Haya, fundi," alisema, akacheka.

Nilifanya hivyo kila mwezi. Sifuri, sifuri, sifuri. Mwantum aliandika kwenye daftari langu: Hongera. Nikalizungusha kijiji kizima! Jirani yangu Yoramu, ambaye naye alipigiliwa vigingi, aliandika vidole vitatu, nami nikamtania, "Pole, ardhi yako imezeeka." Kijiji kikachimba matuta kwake.

Mwaka uliofuata mvua kubwa ilinyesha alasiri moja. Kwa Yoramu matuta yalizuia maji. Kwangu mteremko ulipasuka. Kondoo kumi na mmoja wenye mimba walizolewa na maji huku natazama. Nilipiga kelele, lakini ningefanya nini?

Mwantum alikuja. Aliinama, akashika kichwa cha kigingi. Kilikuwa kimebonyea.

"Mzee, nani amekigonga?"

"Mimi. Vilikuwa vinapanda."

Aliketi chini palepale.

"Havikupanda, mzee. Ardhi ndiyo ilishuka. Kila ulipogonga, ulifuta habari ya udongo ulioondoka."

"Nilidhani natunza."

"Najua. Na mimi nina kosa. Kondoo themanini, halafu sifuri kila mwezi! Ningekuja kutazama. Badala yake niliandika hongera."

Nikamletea nyundo.

Akavipigilia upya, sehemu ya mteremko iliyobaki. Safari hii Evelina alishika daftari, na nyundo ikakaa ndani. Mwezi wa kwanza tuliandika vidole viwili. Niliona haya, lakini tuliipeleka habari hiyo hivyo hivyo. Wanakijiji walikuja kuchimba matuta, na Yoramu alikuwa mbele, hakunitania hata kidogo. Nilipunguza kondoo, wakabaki arobaini. Tuligawa malisho: kondoo wanalishwa upande mmoja, mwingine unapumzika.

Baada ya misimu miwili ya mvua, nyasi zilirudi. Siku moja Evelina aliita, "Baba Frida! Sifuri!"

Sikuamini. Nilipiga magoti, nikapima mwenyewe kwa kidole, vigingi vyote vitano. Kweli, sifuri.

"Mbona hufurahi?" aliuliza.

"Nafurahi, mama. Ila nawakumbuka wale kumi na mmoja."

Alinipa kalamu. "Andika wewe leo."

Niliandika sifuri. Kisha pembeni nikaongeza: Hakuna aliyegonga.